Bati, Tanuru na Cheti cha Kijani

 

Wiki hii swali nimeletewa na mpwa wangu. Anasoma ubunifu majengo Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na likizo hii amekuja kunitembelea hapa Bariadi. Jioni moja tumekaa uani, yeye kajikunja kwenye kigoda, anautazama ukuta wa nyumba yangu kwa jicho ambalo sikulipenda. Akaniuliza, "Mjomba, hivi hapa Bariadi mtapata lini jengo lenye cheti cha kijani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Basi nikaona nina deni, na deni lenyewe nimelileta kwenu tulilipe wote.

Kwanza, hicho cheti ni mnyama gani? Waingereza ndio walioanza, mwaka 1990, na mfumo wanaouita BREEAM. Wamarekani wakaja na wa kwao, LEED, na huo ndio uliopata jina kubwa duniani. Jengo linasahihishwa kama mtihani: alama 40 umefaulu, 50 unapewa cheti cha fedha, 60 dhahabu, 80 na kupanda platinamu. Alama hizo zinatafutwa kwenye umeme jengo linaokula, maji linayotumia, vifaa lililojengwa navyo, hewa iliyomo ndani, mpaka mahali liliposimama. Kuna hata alama ya kuweka maegesho ya baiskeli. Aliponisomea hapo nikamwambia, kama ni kwa baiskeli, sokoni kwetu tungekuwa na platinamu tangu enzi za Phoenix za kwanza.

Upo mfumo mwingine, EDGE, uliotungwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, lile tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi. Huu ulitungwa ukizifikiria nchi kama zetu, na masharti yake ya mwanzo unaweza kuyasema bila kuvuta pumzi: jengo lipunguze asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vyake, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapohapo. Nairobi wameuchangamkia. Kampuni ya Acorn, wajenzi wa hosteli za wanafunzi, mwaka 2019 ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 4.3 za Kenya, ikaorodheshwa soko la hisa la Nairobi na baadaye London. Hosteli hizo zinapimwa kwa EDGE. Kwa hiyo kule cheti si pambo la mapokezi. Mwenye fedha anakitazama kabla hajafungua pochi. Rwanda nao, mwaka huohuo wa 2019, waliingiza masharti ya kijani kwenye kanuni zao za ujenzi, majengo makubwa yakatakiwa kuyatimiza.

Nilipofika hapo katika kuelewa, nikamuuliza mpwa wangu: haya, tukileta mkaguzi wa namna hiyo Bariadi, tumpeleke wapi? Akafikiri, akataja ghorofa moja la vioo lililoota karibuni. Sitalitaja, mwenye nalo ni msikilizaji wetu. Ila mnayajua majengo ya aina hiyo: kioo chote kimetazama magharibi, kuanzia saa nane mchana ndani ni jiko, ndipo kiyoyozi kinawashwa kupigana na jua ambalo tumelikaribisha wenyewe.

Mimi nasema mkaguzi akipelekwa pale atakuwa amepotea njia. Mkoa huu wa Simiyu ulizaliwa Machi 2012, ukikatwa kutoka Shinyanga. Sensa ya mwaka huo ilitukuta kama milioni 1.6, ya 2022 ikatukuta milioni 2.1. Watu nusu milioni zaidi wanalala mahali, watoto wao wanasoma mahali, wanatibiwa mahali. Majengo ya Simiyu ndiyo hayo: nyumba ya mkulima kule Itilima, darasa la shule ya kata, zahanati, na boma lililosimama miaka sita likingoja bati. Mnakumbuka fedha za UVIKO, ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3? Nchi nzima ilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache. Hakuna mjenzi wa maghorofa wa kuifikia kasi hiyo. Kama tunataka kujua ujenzi wetu ni wa kijani au wa moshi, tukapime huko.

Na moshi upo. Huu ni mwezi wa matanuru.

Toka mjini asubuhi, shika njia yoyote ya vumbi, utayaona yamepangwa kando ya mito iliyokauka. Matofali yamefyatuliwa tangu maji yalipokuwa bado yapo, yakaanikwa, yakapangwa juu kama nyumba isiyo na mlango, pembeni yakakandikwa tope ili moto usitoroke. Chini yameachwa matundu, mafundi wanayaita midomo, na kila mdomo unasukumiwa magogo marefu kuliko mtu. Moto ukiwashwa haulali, na fundi halali. Usiku anazunguka na tope mkononi akiziba kila ufa unaotoa mwanga. Siku ya kufungua, mnunuzi anaokota matofali mawili anayagonganisha sikioni. Likilia kama chuma, limeiva. Likisema "puh", hilo lilikuwa pembeni, utauziwa kwa bei ya kujengea choo.

Sasa uliza yale magogo yametoka wapi. Ni migunga, ni mikwaju, siku hizi hata miembe iliyozeeka. Kinachonikereketa ni kwamba serikali ilikwisha kuzipiga marufuku taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kupikia kuni na mkaa, mwisho ukawekwa tarehe 31 Januari 2024. Nimeiunga mkono na naendelea kuiunga mkono. Lakini tazama mahali tulipofika: shule inakatazwa kuchemshia maharage kwa kuni, huku boma la bweni la shule hiyohiyo, lililoinuliwa kwa nguvu za wananchi, limejengwa kwa matofali yaliyokula lori zima la magogo. Jiko tumelifunga na tanuru tumeliacha. Kwenye ripoti ya mazingira jiko linasomwa. Tanuru halina safu yake.

Wazee wanaonisikiliza Maswa na Meatu wanajua kwa nini jambo la miti linaniuma. Ardhi hii ilikuwa inaitwa Jangwa la Tanzania. Misitu ilifyekwa enzi za mkoloni kumfukuza mbung'o, ikaja pamba ikataka mashamba, ikaja Operesheni Vijiji watu wakahamishwa na ngitili zao za malisho zikabaki hazina mwenyewe. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado ndani ya Shinyanga. Wataalamu walianza na vitalu vya miche, kama kawaida yao. Kilichofanya kazi kweli kilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufungia eneo la malisho wakati wa mvua ili ng'ombe wapate pa kukimbilia kiangazi. Maeneo yaliyokuwa hekta mia kadhaa mwanzoni yakawa mamia ya maelfu ya hekta mradi ulipofungwa mwaka 2004. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Na nani alikuwa mkaguzi? Dagashida. Mkutano wa kijiji ulikaa chini ya mti ukaamua ngitili hii ni ya fulani, ile ni ya wote, atakayeingiza ng'ombe kabla ya wakati atalipa faini kadhaa. Walinzi walijulikana. Hakuna aliyetoka Washington kuja kuhesabu migunga. Naomba mlishike hilo, nitalirudia.

Tuingie ndani ya darasa sasa. Ramani ya darasa inatoka juu, na darasa la Makete, kule Njombe ambako watoto wanavaa masweta, kwa umbo halitofautiani sana na darasa la Meatu. Ukuta, kenchi, bati. Fedha ikiwa ya kutosha kunawekwa dari. Ikipungua, dari ndiyo ya kwanza kufutwa, kwa sababu siku ya uzinduzi mgeni rasmi hakai mpaka saa saba. Anayekaa mpaka saa saba ni mwalimu wa hesabu. Nimeshuhudia mwalimu akilitoa darasa zima nje, ubao kauegemeza kwenye mwarobaini, anaendelea na sehemu zake pale. Darasa la mamilioni liko nyuma yake tupu, milango wazi, bati linatatarika kwa joto. Mvua nayo ikija bati hilohilo linapiga kelele mpaka mwalimu ananyamaza, anakunja mikono, wanangoja pamoja.

Kuna mtu aliyekabiliana na bati mpaka likamtii. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, nchi ambayo jua lake halina tofauti na letu. Mwaka 2001 alimaliza shule ya msingi ya kijijini kwao. Matofali ni ya udongo uliotiwa saruji kidogo, yakashindiliwa kwa mashine ya mkono. Juu akaweka dari ya udongo yenye matundu, na bati akalinyanyua hewani, mbali na dari, likakaa kama mwavuli. Hewa ya moto inapanda, inapita matundu, inapeperushwa na upepo unaopita kati ya dari na bati. Umeme sifuri. Wanakijiji ndio waliobeba mawe na kupiga sakafu. Mwaka 2022 alipewa Tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika ubunifu majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata. Turkana, Kenya, amejenga pia kituo cha vijana cha teknolojia chenye minara ya kuvuta hewa, wazo kaliokota kwenye kichuguu. Vichuguu, ndugu zangu! Simiyu tunavyo vya kuuza nje.

Na paa lina jambo la pili, ambalo sisi tunalifanyia ubadhirifu wa wazi. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati inakupa lita moja ya maji. Chukua paa la darasa moja, mita za mraba 70. Tufanye mvua ya mwaka ni milimita 700, mwaka wa wastani kwetu. Zidisha: lita 49,000. Toa sehemu ya tano inayopotea kwa kurukaruka na kuvuja, bado zinabaki kama 39,000. Hiyo ni kujaza simtanki la lita 5,000 karibu mara nane, kwa darasa moja tu. Maji hayo leo yanafanya nini? Yanachimba mtaro kwenye msingi wa darasa lenyewe. Nafahamu maji ya Ziwa Victoria yanakuja, ule mradi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi uliopata fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017 pamoja na Wajerumani wa KfW, na nauombea heri kila siku. Lakini bomba la kutoka Busega halikatazi mtu kutega mvua ya kwake.

Haya, tulipofika kwenye msingi, mpwa wangu akanyoosha kidole. "Mjomba, na ule ufa?"

Ndiyo. Nina ufa. Unaanzia pembe ya dirisha la sebule unashuka kwa ngazi, tofali kwa tofali, mpaka chini. Mwezi huu kidole changu cha shahada kinaingia. Februari hakiingii hata kisu. Sababu ni kwamba nilinunua kiwanja cha mbuga, udongo mweusi, kwa kuwa kilikuwa bei nafuu na kiko karibu na barabara. Mbuga inakunywa maji inavimba, kiangazi inapasuka, na chochote ulichokiweka juu yake kinapanda na kushuka nayo. Bibi zetu walijua. Msukuma wa zamani alikuwa na jina la kila udongo: luseni ule wa mchanga wa juu, ibambasi ule mgumu usiopitisha maji, mbuga ile nyeusi. Alijenga kwenye luseni, mbugani akalima. Mimi, msomi, nilijenga mbugani. Na msingi nilimwambia fundi asishuke sana, nikaokoa fedha ambazo nimekwisha kuzilipa mara tatu kwa plasta.

Nyumba inayojengwa mara mbili imetumia saruji mara mbili. Saruji ya Bariadi hatuifanyi hapa. Mifuko mingi inatoka Pwani ya nchi, ikisafiri zaidi ya kilomita elfu moja kwa lori. Na saruji duniani kote inabeba kama asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za watu. Kwa hiyo ufa wangu nao ni uchafuzi wa mazingira, ingawa hakuna mfumo wa alama nilioonyeshwa unaouliza: ulijenga kwenye udongo gani?

Njia mbadala zipo na si za kuota. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi kwa miaka mingi umekuwa ukifundisha matofali ya kufungamana: udongo unaofaa, saruji kidogo, mashine ya kushindilia, halafu tofali linawekwa kivulini linamwagiliwa maji wiki nzima. Halionji moto. Linashikana na mwenzake kwa meno, kwa hiyo mchanganyiko wa kuungia matofali unapungua sana. Vijana wa hapa wameyafyatua, nimeyaona. Mbona hayajashika? Nimewauliza watu na jibu wanalitoa kwa kuzunguka, lakini ni hili: tofali lisilochomwa linafanana na udongo, na udongo unafanana na umaskini. Tangu kampeni za nyumba bora tulifundishwa kwamba kutoka kwenye msonge wa nyasi kwenda kwenye tofali la kuchoma na bati ndiko kuendelea. Huwezi kumlaumu mama aliyeuza pamba miaka minne ili atoke kwenye udongo, halafu leo unamjia na mashine umrudishe. Utamweleza nini? Hapo ndipo cheti kinaweza kuwa na kazi. Tofali likija na muhuri, likiwa limejengea ofisi ya mkuu wa wilaya kabla ya kuja kwake, atalitazama kwa jicho jingine.

Na wanaoshikilia kuchoma, kwa nini wachome magogo? Huu mkoa ndio unaoongoza kwa pamba Tanzania. Kila baada ya mavuno kanuni za zao la pamba zinamtaka mkulima ang'oe mabua na kuyateketeza, ili funza asipate pa kulala. Kwa hiyo msimu huuhuu, mkulima anachoma mabua shambani yasiyopika chochote, na jirani yake anakata mkwaju kuchoma matofali. Mioto miwili, hatua mia mbili kati yake. Sisemi bua litaivisha tofali kama gogo. Linaungua haraka, litataka kushindiliwa na tanuru la umbo jingine. Nasema hiyo ni kazi ya kumpa mpwa wangu na wenzake wa chuo, badala ya kuwapa kila mwaka wachore uwanja wa ndege.

Turudi kwenye cheti, maana mnaweza kudhani nakibeza. Sikibezi. Simiyu ni kati ya mikoa michache ya nchi hii ambako mkulima wa jembe la kukokotwa na ng'ombe anajua cheti cha kimataifa ni nini. Nendeni Meatu. Tangu mwaka 1994 kuna wakulima wanaolima pamba hai chini ya mpango wa bioRe, pamba isiyopigwa dawa za viwandani wala kutiwa mbolea ya chumvichumvi. Utaiona shambani kwa alizeti zilizosimama katikati ya pamba, zimewekwa ziwavute wadudu. Mkulima huyo hakuamka siku moja akajiita hai. Alipita miaka ya mpito, analima bila sumu na cheti bado hana. Anatembelewa. Mtu anaingia stoo kuangalia kama kuna chupa iliyofichwa nyuma ya magunia. Anaulizwa jirani wa kaskazini ananyunyizia nini na upepo unavumia wapi. Na mwaka ujao anatembelewa tena.

Kwa nini anavumilia usumbufu huo? Kwa sababu mwisho wa safari yuko mtu Ulaya anayenunua fulana na kulipia tofauti, na sehemu ya tofauti hiyo inamfikia mkulima kama nyongeza ya bei. Cheti bila mnunuzi tutafungia karanga.

Na Afrika Mashariki haikuishia kutii vitabu vya wengine. Mwaka 2007 nchi zetu ziliandika kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai, kikapewa alama yenye jina la Kiswahili, Kilimohai. Kilikaa mezani na viwango vya wakubwa na hakikuona aibu. Sijaona sababu ya nyumba kushindwa pale ambapo mchicha uliweza.

Mtaniuliza, mnunuzi wa darasa la kijani ni nani? Hakuna mnunuzi wa fulana Ulaya atakayelipia nyongeza ili mtoto wa Itilima asome kwenye kivuli. Lakini mnunuzi yupo, na tunamfahamu kwa jina. Sehemu ya elimu yetu kwa miaka kadhaa imegharimiwa na mikopo ya Lipa Kulingana na Matokeo. Iko BOOST kwa shule za msingi, iko SEQUIP kwa sekondari, yote ikitoka Benki ya Dunia. Fedha zinashuka matokeo yakishathibitishwa. Maana yake mtu tayari anatumwa kuhesabu. Anahesabu darasa: lipo, halipo. Darasa lililo jiko na darasa lenye hewa, kwake yote ni moja. Basi aongezewe maswali machache kwenye fomu yake. Kuna dari? Hewa ya moto inatokea wapi? Maji ya paa yanakwenda wapi? Tofali limechomwa kwa nini? Na udongo ulipimwa kabla ya msingi? Mhandisi wa halmashauri akijua fedha ya awamu inayofuata inangoja majibu hayo, dari haitafutwa tena. Kwa darasa la Makete maswali yatakuwa mengine, na ndivyo inavyotakiwa.

Mhandisi mmoja rafiki yangu nilipomweleza alinisikiliza kwa heshima, halafu akasema, "Kaka, hizo gata zako nakupa miaka miwili." Ana haki. Sote tumeziona: gata limening'inia kwa msumari mmoja, simtanki limepasuka kwa jua, koki imeibwa siku ya tatu. Huu ndio ugonjwa hata wa vyeti vya wakubwa. Jengo linasahihishwa kwa michoro na kwa siku lilipokuwa jipya, linapewa bamba la dhahabu, na miaka kumi baadaye mara nyingi hakuna anayeuliza kama dhahabu bado ipo. Pamba ya Meatu ingekuwa hivyo, ingekuwa imeshajaa sumu. Kwa hiyo cheti cha darasa kife kila baada ya miaka kadhaa kisipokaguliwa upya, na mkaguzi wa kwanza asitoke mbali. Kamati ya shule iko pale. Dagashida ilihesabu ng'ombe walioingia ngitili usiku; haitashindwa kuhesabu koki.

Muda unanikimbia, fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Nimalizie na ukuta wangu, maana mpwa wangu hakuuacha. Jumamosi alinilazimisha nimwite fundi, mzee wa hapa mjini ambaye alianza kujenga kabla mimi sijaoa. Alipofika hakushika mwiko. Alichuchumaa, akachomeka kidole kwenye ufa, akachukua udongo wa chini akausugua kwenye kiganja, akanusa. Mpwa wangu akaona amepata mshirika, akamweleza habari yote ya vyeti, vya fedha na vya dhahabu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hicho cheti kinatundikwa wapi?"

"Ukutani, babu."

Mzee akautazama ukuta, akanitazama mimi. Nilikuwa nimekwisha kununua mfuko wa saruji na upo barazani. Akasema nisiuguse mpaka mvua zianze, kwa sababu ufa ukizibwa kiangazi, mbuga ikivimba utatafuta mahali pengine pa kutokea, na pa karibu ni juu ya mlango. Amelipwa soda. Mfuko nimeuweka juu ya mbao, nimeufunika turubai, unangoja Novemba.